Mwandiko wa Msafiri kama Chanzo cha Historia: Kutoka Safari ya Mwezini hadi Simbamwene

Usiku wa tarehe 13 Aprili 1970, baada ya tangi la oksijeni kulipuka katika chombo cha Apollo 13, mwanaanga Jim Lovell aliandika kwa mkono hesabu za pembe katika kijitabu cha taratibu za safari. Kabla hazijatumika, aliwaomba wataalamu wa Houston wazihakiki. Novemba 2011 kijitabu hicho kiliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 388,000. NASA ilihoji haki ya kukiuza, na mwaka 2012 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyowapa wanaanga wa enzi hiyo umiliki wa kumbukumbu za namna hiyo.

Thamani ya mwandiko huo inatokana na ukweli kwamba mwandishi alikuwapo. Hata hivyo, Lovell hakuwa shahidi pekee: mazungumzo yake na Houston yalirekodiwa. Aidha, Mwezini hapakuwa na mwenyeji ambaye angeweza kusimulia ujio wa wageni kwa namna nyingine. Mwanahistoria anayesoma maandishi ya wasafiri waliopita chini ya Milima ya Uluguru katika karne ya 19 hana wepesi huo, ingawa mara nyingi maandishi hayo yamesomwa kana kwamba waandishi walifika mahali pasipo na watu.

Henry Morton Stanley alifika Simbamwene, mji uliotangulia Morogoro ya leo, mwezi Aprili 1871. Aliusifu: eneo la takribani nusu maili mraba, minara ya mawe katika pembe za ukuta, na malango manne yenye milango ya mbao iliyochongwa. Mwanzilishi wake, Kisabengo, alimchora kama mtekaji watu. Binti wa Kisabengo, aliyetawala wakati huo, alituma wajumbe kudai hongo. Stanley akakataa kwa hoja kwamba msafara wake uliotangulia ulikwisha kulipa. Baadaye askari aliowatuma kumtafuta mpishi wake aliyepotea walikamatwa kwa amri ya mtawala huyo. Waliachiwa baada ya mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Thani, kuwaombea, lakini bunduki zao zilizuiliwa.

Stanley aliyasimulia hayo kama maudhi ya njiani. Yakisomwa upande wa pili, yanaonyesha dola ndogo yenye wajumbe, sheria na uwezo wa kuwanyang'anya silaha watu wenye bunduki. Hongo, jambo ambalo wasafiri wengi wa Ulaya waliliita ulafi, ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Ni ajabu kwamba ushahidi bora wa mamlaka ya mwanamke huyo unatokana na kalamu ya mgeni aliyekerwa naye.

Kitabu cha Stanley kilichapishwa mwaka 1872. Madaftari yake yamehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, na mwandishi wa wasifu wake, Tim Jeal, amebaini kwamba kurasa zinazohusu siku aliyokutana na Livingstone huko Ujiji zimechanwa. Kwa hiyo hata mwandiko wa aliyekuwapo unaweza kupunguzwa na mkono wa baadaye. Simbamwene hana daftari Tervuren. Stanley aliporejea mwaka 1872, mafuriko ya Mto Ngerengere yalikuwa yamebomoa ukuta wa mji, na habari hiyo nayo imetufikia kupitia kwake.