Nani Aliona? Maandishi juu ya Unyakyusa na Funzo Lake kwa Wanachuo

Malalamiko juu ya insha za wanachuo ni ya siku nyingi. Walimu wenzangu wananiambia kwamba wanafunzi hawajui kupanga aya, kwamba tahajia zao ni mbovu, na kwamba wanachanganya Kiingereza na Kiswahili pasipo haja. Malalamiko hayo ni ya haki, wala sina nia ya kuyapinga. Lakini mimi naona ugonjwa mkubwa zaidi u mahali pengine. Mwanachuo aweza kuandika Kiswahili safi kabisa, na bado insha yake isiwe na thamani ya kitaalamu, kwa kuwa haonyeshi maneno yake yametoka wapi. Ili kulieleza jambo hili nitatumia mfano wa nchi niliyozaliwa, yaani kaskazini ya Ziwa Nyasa, tangu Itungi na Mwaya hata Matema. Nchi hiyo leo ni Wilaya ya Kyela. Zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe.

Wageni walianza kuandika habari za nchi hiyo zamani. Elton alipita huko mwaka 1877, na Joseph Thomson mwaka 1879. Mwaka 1891 wakaja wamisionari Wajerumani wa misheni mbili, ya Berlin na ya Moravian. Hao walijifunza lugha ya wenyeji na kuiandika, na mwaka 1899 Schumann alichapisha sarufi yake. Lakini lugha hiyo, ambayo sisi twaiita Kinyakyusa, yeye aliiita lugha ya Wakonde. Jina hilo likapita kutoka kitabu hata kitabu. Hata mwaka 1925 Mackenzie bado alilitumia katika jina la kitabu chake. Mwanachuo asiyeuliza ni nani aliyelitumia jina hilo, na lini, aweza kusoma habari za Wanyakyusa akadhani ni za Wangonde wa Karonga peke yao, au mbaya zaidi, za Wamakonde wa kusini-mashariki. Nimeona makosa yote mawili katika insha za wanafunzi wangu.

Baadaye wakaja Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya uchunguzi wao Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Walijifunza lugha, wakakaa na watu, na wakasaidiwa sana na Mnyakyusa mmoja, Leonard Mwaisumo. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica ndiye aliyetoa kitabu chao mashuhuri mwaka 1951. Humo alieleza vijiji vya marika: kwamba wavulana, wakifika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja hivi, waliondoka nyumbani kwa baba zao wakajenga vijiji vyao wenyewe, wakakua humo, wakaoa na kuwaleta wake zao humo. Habari hiyo iliwastaajabisha wasomi wa dunia nzima, ikaingia katika vitabu vingi vya elimu ya jamii.

Lakini mambo hayakusimama hapo. Mwaka 1958 Gulliver alitoa taarifa juu ya ardhi ya Unyakyusa, akaonyesha jinsi uhaba wa mashamba na mazao ya kudumu vilivyokuwa vikibadili maisha ya vijiji hivyo. Mwaka 1969 Charsley aliandika upya historia ya watawala wa Unyakyusa. Mwaka 1973 McKenny alihoji kama mpango wa vijiji vya marika uliweza kuendeshwa kizazi baada ya kizazi jinsi ulivyoelezwa. Na mwaka 1977 Monica Wilson mwenyewe alitoa kitabu kingine juu ya mabadiliko yaliyotokea tangu 1875 hata 1971. Hivi ndivyo elimu inavyokwenda: mmoja asema, wa pili apima, wa tatu ahoji, na wa kwanza arudi kuyatazama maneno yake.

Sasa naungama kosa langu. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika insha juu ya watu wetu, nikasema kwamba Wanyakyusa huishi katika vijiji vya marika. Niliinakili habari hiyo kutoka kitabu kilichoinakili kutoka kitabu kingine. Nikapewa alama nzuri. Lakini mimi nimekulia karibu na Itungi, nyumbani kwa baba yangu, na kaka zangu walijenga nyumba zao hatua chache tu kutoka mlangoni pake. Kijiji cha marika sijapata kukiona kwa macho yangu. Niliyaacha niliyoyajua, nikayashika niliyoyasoma, kwa kuwa nilidhani elimu ni yale yaliyopigwa chapa. Nilipokwenda ng'ambo kusomea shahada ya udaktari, niliirudia sentensi ile ile kwa Kiingereza. Mwalimu wangu hakuisahihisha sarufi yake. Alikizungushia kitenzi mstari, akaandika pembeni: Nani aliona, na lini? Sikuwa na jibu. Usiku ule nilimkumbuka marehemu babu yangu, aliyekuwa kijana siku za akina Wilson. Nilikaa naye miaka mingi, nisimwulize hata mara moja.

Wasomaji wa jarida hili wataona kwamba hapa sarufi yetu inahusika. Kiambishi hu- hakionyeshi nafsi wala wakati. Kinafaa katika methali na katika mazoea ya kila siku, lakini katika insha ya historia kinaweza kuwa maficho. Vivyo hivyo neno inasemekana: linatoa habari, likamficha msemaji. Mwanachuo akiandika kwamba meli huondoka Itungi kwenda Mbamba Bay, yapasa aulizwe: ni meli gani, mwaka gani, na nani aliipanda? Akijibu kwamba shangazi yake alisafiri kwa MV Songea akashuka Liuli, na kwamba alimweleza hayo mwenyewe, basi ameanza kuandika historia. Sentensi yake imepata mwenyewe, mahali na wakati.

Kwa hiyo nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu zoezi moja. Wanapokwenda likizo, kila mmoja aandike kurasa tatu juu ya jambo moja la kwao: ukurasa wa kwanza ni wa yale aliyoyaona mwenyewe, pamoja na tarehe, wa pili ni wa yale aliyoambiwa na mzee, pamoja na jinsi mzee huyo alivyoyajua, wa tatu ni wa yale yaliyo vitabuni, pamoja na mwaka wa uchunguzi, wala si mwaka wa kuchapishwa peke yake. Ndipo aziunganishe zote tatu katika insha moja, bila kuficha mahali zinapopingana. Mahali hapo ndipo penye insha yenyewe. Tahajia na aya tunazisahihisha baadaye, na kazi hiyo ni nyepesi, kwa kuwa mtu anayejua anachokisema hupata njia ya kukipanga.

Visingizio vya lugha havitufai. Kamati ya Lugha iliyozaa taasisi hii ilianzishwa mwaka 1930, na mwaka 1970 Idara ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza kufundisha kwa Kiswahili. Maneno tunayo. Lililobaki ni kuwazoeza vijana kuuliza swali lile nililoulizwa mimi kwa kuchelewa, wakati wazee wao wangali hai na waweza kulijibu.