Mtakatifu Lidwina wa Schiedam, Mgonjwa wa Nyumbani

Katika vijiji vya kando ya ziwa Tshangalele, na vilevile katika mitaa ya Likasi, ni shida kupata jumuiya ya Wakristu isiyo na mgonjwa wa nyumbani. Ni mtu ambaye miguu yake imekataa, au mikono inatetemeka, au macho yamefifia. Hospitali hakai, na kanisani hafiki tena. Watu wa nyumbani mwake wanampenda na kumhurumia, na kwa huruma hiyohiyo wanamwondolea kazi zote. Kisu wanamnyang'anya, kapu la mihogo wanamnyang'anya, hata mtoto mchanga hawampi ampakate. "Pumzika tu, mama." Mwaka mmoja ukipita, mama huyo amepumzishwa mpaka hakuna mtu wa lupangu anayemwuliza neno lolote.

Habari za wagonjwa wa namna hii twataka kuziandika leo, nasi tutaanzia mbali sana, katika nchi ya Uholanzi, zaidi ya miaka 600 iliyopita.

Lidwina alizaliwa mwaka 1380 katika mji mdogo wa Schiedam, karibu na Rotterdam. Baba yake, Petro, alikuwa mlinzi wa usiku wa mji, yaani watu wa nyumba ile walikuwa maskini. Watoto walikuwa tisa, na binti alikuwa yeye peke yake. Wakati wa baridi maji ya mifereji ya Uholanzi hugandamana yakawa magumu kama jiwe, na vijana huteleza juu yake kwa viatu vyenye chuma chini. (Sisi wa Katanga tunaojifunika mablanketi mwezi wa sita na kulalamika, kumbe hatujui baridi!) Katika majira ya baridi ya mwaka 1395 kuingia 1396, rafiki zake walimwita wakacheze juu ya barafu. Akaanguka, na ubavu mmoja wa upande wa kuume ukavunjika. Mwaka 1498, kitabu cha Padre Johannes Brugman juu ya maisha yake kilipopigwa chapa, waliweka ndani yake picha ya mwanguko huo.

Ubavu uliovunjika hupona, lakini Lidwina hakupona. Kwanza alitembea kwa kushika kuta na viti. Baadaye akashindwa kusimama. Mkono wa kuume ukafa. Jicho moja likapofuka, na la pili halikuvumilia mwanga. Mwishowe alibakiwa na kichwa na mkono wa kushoto. Mara nyingine ugonjwa ulitulia kidogo, kisha ukarudi kwa nguvu. Akaishi hivyo mpaka mwaka 1433, na chumba chake kilikuwa kidogo, chenye giza na unyevu.

Mwaka 1979 daktari mmoja, jina lake Medaer, aliandika katika gazeti la madaktari kwamba dalili hizo zafanana sana na ugonjwa ambao Wafaransa wanauita sklerosi ya mabaka. Ikiwa ni kweli, basi Lidwina ndiye mgonjwa wa kwanza wa sklerosi tunayemjua kwa maandiko. Wako wataalamu wasiokubali, kwa kuwa waandishi wa zamani walitaka kusimulia maajabu ya Mungu, si kuandika karatasi ya hospitali. Hata hivyo, mji wenyewe wa Schiedam ulitoa hati yenye muhuri mwaka 1421 kuhusu hali ya binti huyo, nayo si hadithi ya usiku.

Ugonjwa wenyewe ni wa namna gani? Mishipa ya fahamu, ile inayopeleka amri za ubongo mpaka kwenye miguu na mikono, ina ala inayoikinga, kama waya wa umeme wa nyumbani ulivyovikwa mpira. Katika sklerosi, askari wa mwili wanaopaswa kupigana na maradhi wanageuka na kuila ala hiyo. Palipoliwa panabaki baka gumu, na amri ya ubongo inachelewa njiani au inapotea. Ndiyo maana mtu mmoja huona ukungu machoni, mwingine miguu inakuwa mizito, mwingine mikono yatetemeka, na karibu wote hupatwa na uchovu usio wa kawaida. Hauambukizwi. Wala si adhabu: wanafunzi walipomwuliza Bwana Yezu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, jibu lake twalijua sote.

Wengine husoma maisha ya Mtakatifu huyu wakidhani kwamba alikubali mateso yake tangu siku ya kwanza, akitabasamu kama picha ya kwenye kadi. Sivyo. Waandishi wake, na mmoja wao ni Thomas a Kempis, wanasema kwamba miaka ya kwanza alilia, tena hakutaka kufarijiwa. Aliposikia vijana wenzake wakicheka njiani, uchungu ulimzidi. Aliyemsaidia ni padre mmoja, Jan Pot, aliyekuja kumwona, akaja tena, na tena. Alimfundisha kuyatafakari Mateso ya Bwana. Mwanzoni Lidwina hakuona ladha yoyote katika sala hiyo, akaiacha. Padre akamwambia aendelee. Baadaye aliyagawa Mateso katika sehemu saba, kwa kufuata saa za sala za Kanisa, na hivyo siku yake, iliyokuwa ndefu na tupu, ikapata asubuhi, mchana na jioni. Twaona hapa jambo kubwa. Utulivu wa moyo wa Lidwina haukuwa tabia ya kuzaliwa nayo. Ulifundishwa, ukachukua miaka, na ulihitaji mtu wa kugonga mlango.

Tena alikuwa na kazi. Vitu vichache alivyokuwa navyo aliviuza, na sadaka za wageni hakuziweka. Alizigawa kwa maskini wa mji kwa ule mkono mmoja uliobaki. Watu walimletea ugomvi wao, huzuni zao, mashaka yao ya roho, naye akasikiliza. Wakubwa na wadogo waliingia katika chumba kile cha giza. Mtoto wa ndugu yake, Petronila, alimtunza. Lakini maneno pia yalikuwako. Wako waliosema ni mwongo, wengine kwamba ana pepo. Na mwaka 1425 askari wageni waliingia wakamtukana na kumwumiza, na Petronila aliyejaribu kumkinga akaumia vilevile. Basi asifikiri mtu kwamba maneno ya uchawi juu ya mgonjwa ni ya Waafrika peke yao.

Tuvuke sasa karne nyingi. Mwaka 1868 daktari Charcot, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ndiye aliyeupambanua ugonjwa huu na mengine ya kutetemeka, akaueleza wazi. Tunapenda zaidi habari ya nyumbani kwake. Alimwajiri mtumishi wa kike aliyekuwa anatetemeka mikono, akavunja sahani baada ya sahani, na Charcot hakumfukuza. Hakika alitaka pia kuutazama ugonjwa karibu, wala hatumfanyi kuwa mtakatifu. Lakini mwanamke yule alikaa miaka ile katika nyumba ya watu akiwa na kazi na mshahara.

Madaktari waliofuata hawakuwa na shauri jema. Waliona kwamba mgonjwa akipata joto au akifanya kazi ya kumtoa jasho, macho yake yanafifia na miguu inalegea. Mwaka 1890 daktari Uhthoff wa Ujerumani alikuwa ameandika hivyo. Kwa hiyo miaka mingi waliwaambia wagonjwa: pumzikeni, msijichoshe. Ni shauri lilelile la watu wa lupangu. Lakini ule udhaifu wa joto ni wa kupita: mwili ukipoa, nguvu hurudi. Udhaifu wa kukaa bure haupiti. Misuli hukonda, viungo hukakamaa, na roho nayo hukakamaa. Mwaka 1996 madaktari wa Utah, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio lao: wagonjwa 54 waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likafanya mazoezi kwa majuma 15. Hao wa mazoezi walipata nguvu kuliko wenzao, na moyo wao ukawa mwepesi zaidi. Kitu ambacho bibi zetu wangeweza kusema bila jaribio, lakini ni vizuri kimeandikwa.

Dawa ya kuponya kabisa haijapatikana. Ziko za kuzuia mashambulio yasiwe mengi. Ya kwanza ilipewa ruhusa Marekani mwaka 1993, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa tatu za ugonjwa huu katika orodha ya dawa za lazima. Dawa kuwa katika orodha na dawa kuwa Likasi ni mambo mawili. Ni kweli pia kwamba ugonjwa huu ni wa nchi za baridi kuliko zetu. Hesabu iliyotolewa mwaka 2020 ilitaja watu milioni 2.8 duniani, na kadiri unavyokaribia ikweta ndivyo wanavyopungua. Lakini kupungua si kukosekana. Kuutambua kunahitaji mashine za kupiga picha ndani ya ubongo, nazo katika Kongo ni chache, basi wako wanaougua bila jina la ugonjwa wao.

Na Kongo yetu ina ugonjwa wake wa kufunga miguu. Huko Kwango, magharibi, Wayaka wanauita konzo. Maana yake ni kama kusema miguu iliyofungwa. Mwaka 1938 daktari Trolli aliwaeleza watu habari zake. Hutokana na mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, watu wanapokula hiyo bila samaki wala nyama. Humpata mtu ghafula, wanawake na watoto hasa, lakini hauendelei kama sklerosi: hali ya miguu hubaki ilivyo, na mgonjwa huishi miaka mingi nyumbani. Ni magonjwa mawili mbalimbali. Mkeka wa mlangoni ni mmoja.

Basi katika nyumba ya namna hii, kando ya ziwa letu, kazi gani zafaa? Ni nyingi kuliko tunavyodhani. Kumenya mihogo, kuchambua sombe, kuchagua samaki waliokaushwa, kutengeneza nyavu zilizopasuka: zote hufanywa kwa kukaa. Kuwafundisha watoto katekisimu. Kuweka hesabu ya fedha za jumuiya, ikiwa macho yanaruhusu. Kazi nzito ziwe za asubuhi, kabla jua halijawa kali, hasa mwezi wa kumi mvua inapochelewa. Kitambaa kilicholowekwa maji shingoni husaidia sana. Afanye, apumzike kabla hajachoka kabisa, afanye tena. Fimbo si aibu. Mikeka iliyokunjamana na vyungu vya njiani viondolewe, maana mtu wa miguu mizito huanguka kwa kitu kidogo. Miguu inyoshwe kila siku, na kama mwenyewe hawezi, kijana wa nyumbani amnyoshe polepole. Macho yakififia ghafula au mguu ukifa ghafula, asingoje nyumbani. Apelekwe kwa daktari. Na mgonjwa aulizwe anataka nini! Ziko siku ambazo hataweza kitu, hata kijiko. Siku hizo asilazimishwe wala asiitwe mvivu, kwa sababu uchovu wa ugonjwa huu hauonekani kwa macho ya mtu mwingine.

Juu ya kugonga mlango, Kanisa limeweka siku: Yohane Paulo II aliamuru mwaka 1992 kwamba tarehe 11 Februari, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi, iwe Siku ya Wagonjwa Duniani. Siku moja ni nzuri. Jan Pot hakuja siku moja.

Wagonjwa wenyewe pia waweza kutafutana. Mwaka 1945 msichana wa New York, Sylvia Lawry, ambaye ndugu yake alikuwa na sklerosi, alitia tangazo dogo gazetini kumwuliza mtu yeyote aliyepona amwandikie. Zilimjia barua zaidi ya 50, nyingi za watu ambao hawakupona, nao walikuwa wakitafuta kama yeye. Mwaka uliofuata chama kikaanza.

Lidwina alikufa tarehe 14 Aprili 1433, Jumanne ya Pasaka, akiwa na umri wa miaka 53. Mwaka uliofuata walijenga kikanisa juu ya kaburi lake. Mabaki yake yalipelekwa Brussels mwaka 1615 wakati wa fujo za dini, yakarudishwa Schiedam mwaka 1871, na Baba Mtakatifu Leo XIII akathibitisha heshima yake mwaka 1890. Sikukuu yake ni siku aliyokufa. Nyumba ile aliyolala miaka yote hiyo, yenye giza na unyevu, waliigeuza kuwa hospitali ya maskini. Aliyeifanya kazi hiyo alikuwa mwana wa daktari aliyekuwa akimtibu Lidwina.