Bajeti ya nyumba isiyo na mshahara: mfano wa Kasulo

Bajeti ni mpango wa pesa zinazoingia na zinazotoka nyumbani, ulioandikwa kabla pesa hazijatumika. Mafundisho mengi ya bajeti humfikiria mtu anayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Huko Kolwezi, hasa mtaa wa Kasulo, jamaa nyingi haziishi hivyo.

Pesa za mawe

Mwaka 2014 mkaaji mmoja wa Kasulo alichimba shimo katika kiwanja chake akakuta mawe ya kobalti. Muda si mrefu watu walikuwa wakichimba hata chini ya vyumba vyao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na mamia ya jamaa wakahamishwa. Bei nayo haikutulia: Machi 2018 tani moja ya kobalti ilikaribia dola 95,000 katika soko la London, katikati ya 2019 ilikuwa chini ya dola 30,000. Februari 2025 serikali ilisimamisha kupeleka kobalti nje ya nchi.

Mchimbaji haulizwi juu ya mambo hayo, lakini yanafika mpaka kwenye sufuria yake. Tena kisima huweza kuchimbwa wiki au miezi kabla ya jiwe kuonekana. Wakati huo mfadhili hutoa chakula na vifaa, kisha huchukua fungu lake siku ya kuuza. Kwa hiyo pesa huja nyingi kwa siku moja, halafu kimya.

Hatua tano

1. *Andika.* Chukua daftari. Kwa miezi sita andika kila kilichoingia na kilichotoka, hata makala ya kupikia. Chagua pesa moja ya kuhesabia, dola au franka, usichanganye.

2. *Ondoa deni kwanza.* Pesa ya mfadhili au ya dukani si mapato. Hesabu kile kinachobaki mkononi mwako.

3. *Tenga mafungu.* Tuseme jamaa moja imepata dola 60, 240, 0, 90, 0 na 150: jumla 540. Sadaka ya fungu la kumi ni 54. Akiba ya fungu la tano ni 108. Zinabaki 378. Gawa kwa sita: dola 63 kwa mwezi.

4. *Jilipe mshahara.* Nyumba hiyo iishi kwa dola 63, hata mwezi wa 240. Kinachozidi si cha sherehe. Ndicho bukari ya mwezi wa sifuri. Kisipotosha, ndipo akiba iguswe, na irudishwe mawe yakiuzwa.

5. *Panga matumizi kwa zamu.* Chakula, kodi ya nyumba, dawa na shule vitangulie. Shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa bure tangu 2019, lakini sare na madaftari havikosi, na sekondari ina malipo yake. Nguo mpya na simu vingoje.

Akiba ikae wapi?

Pesa iliyo mfukoni ina marafiki wengi. Likelemba inasaidia, mradi watu wanajuana na zamu zimeandikwa. Lakini zamu yako huenda isilingane na siku ya ugonjwa. Kwa hiyo weka sehemu nyingine katika ushirika wa akiba unaotambuliwa au katika simu, na namba ya siri isijulikane na mtu wa kibandani.

Baba na mama wakae pamoja

Bajeti inayojulikana na mtu mmoja huvunjika haraka. Mama anayejua bei ya unga na baba anayejua hali ya kisima wafungue daftari moja. Kama baba anapata ajali kisimani, mama asianze kutafuta nani ana deni na nani anadaiwa.

Yosefu alishauri Misri iweke fungu la tano katika miaka ya shibe (Mwanzo 41), wakati hakuna aliyekuwa na njaa. Jiwe lililo chini ya nyumba litakwisha, na nguvu za kuchimba pia. Akiba ikue iwe shamba, cherehani au ufundi wa mtoto. Wapendwa, anzeni na mauzo yanayofuata, hata yakiwa madogo.