Meno ya kubana kwenye ndoo ya trekta: unafuu na hatari zake

Meno ya kubana ni vyuma viwili virefu vinavyofungwa kwenye ukingo wa chini wa ndoo ya mbele ya trekta, ili trekta ibebe paleti kama foklifti. Kila jino hukazwa kwa bolti nene. Fundi wa kuchomelea anaweza kuyatengeneza, hivyo mwenye ghala dogo huepuka kununua foklifti.

Hata hivyo, unafuu huo hupunguza uwezo wa trekta. Shehena husogea mbele zaidi: uzito uliokuwa mita 1 kutoka magurudumu ya mbele ukifika mita 2, nguvu ya kuinua sehemu ya nyuma ya trekta huongezeka mara mbili. Paleti ya mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani 1, mzigo unaoshinda trekta ndogo nyingi.

Mambo ya kuzingatia:

- Ukingo wa ndoo uwe mnene, la sivyo utapinda.
- Meno yaunganishwe kwa chuma cha kati yasitanuke.
- Uzito wa kusawazisha ufungwe nyuma.
- Bolti zikaguliwe kabla ya kazi.
- Shehena isafirishwe karibu na ardhi, na mtu asipite chini yake.

Kugawa paleti nzito safari mbili ni nafuu kuliko trekta kupinduka.