Kuuza nyumba yenye duka: ushuru unahesabiwaje?

Nyumba nyingi za Mwambao hufanya kazi mbili. Nyuma wanakaa wenyewe, mbele pana duka au fundi cherehani, na pengine vyumba viwili vya ukumbini vimepangishwa. Siku ya kuiuza, sehemu ya makao na sehemu ya biashara hazihesabiwi sawa. Muuzaji asiyejua hilo hushtuka wakati pesa za mnunuzi tayari zimeshapangiwa kazi.

Ushuru wenyewe

Ushuru wa faida ya mtaji ulirudishwa Kenya Januari 2015 kwa asilimia 5. Tangu Januari 1, 2023 ni asilimia 15. Hulipwa na muuzaji, na hutozwa kwenye faida, si kwenye bei yote. Faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama ya kununua au kujenga, matengenezo yaliyoongeza thamani, na ada za wakili, mthamini na dalali. Ushuru wa stempu ni jambo jingine, na huo ni wa mnunuzi.

Msamaha wa makao

Nyumba ya mtu binafsi husamehewa iwapo mwenyewe ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu hadi siku ya kuihamisha. Aliyehamia kwa mwanawe Malindi mwaka jana na kuwaachia wapangaji nyumba yote, ameukata mfululizo huo. Ardhi ya mtu binafsi inayouzwa kwa bei isiyozidi shilingi milioni 3 pia imesamehewa.

Lakini msamaha ni wa makao, na duka si makao. Usitegemee kwamba kulala chumba cha nyuma kutalifunika duka la mbele. Njia iliyo wazi ni kutenganisha sehemu hizo kwa ukubwa wa eneo, kwa ripoti ya mthamini.

Mfano

Tuseme nyumba ya Likoni iligharimu milioni 4 kununua na kujenga, na ada zote ni 400,000. Imeuzwa milioni 8.4. Faida ni milioni 4.

Ikiwa maduka yamechukua robo ya nyumba na mwenyewe ameishi sehemu iliyobaki kwa miaka mitatu, faida ya biashara ni milioni 1 na ushuru ni 150,000. Ikiwa alihama mapema na msamaha umepotea, ushuru ni 600,000. Tofauti ni 450,000, nayo imeletwa na tarehe ya kuhama tu.

Jihadhari pia: kama uliwahi kupunguziwa ushuru wa biashara kwa ajili ya gharama za jengo hilo, kiasi hicho hutolewa kwenye gharama yako, na faida huongezeka.

Lini na vipi

Ushuru hulipwa kupitia iTax, kwa PIN ya muuzaji. Muda wake hufika unapopokea bei yote au uhamisho unaposajiliwa, lolote litakalotangulia. Kwa hivyo usigawe pesa kwa watoto na ndugu kabla ya kutenga fungu la ushuru.

Kumbuka kodi za wapangaji nazo. Anayepata kodi ya makazi kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi hiyo anayopokea kila mwezi. Ukieleza kwamba sehemu ya nyumba ilipangishwa, swali linalofuata ni kama mapato hayo yalitangazwa.

Weka nini

• Mkataba wa ununuzi na hati miliki
• Risiti za mawe, saruji, mabati na mafundi
• Bili za maji na umeme zenye jina lako, kuthibitisha makao
• Mikataba ya wapangaji na leseni ya biashara
• Ripoti ya mthamini yenye vipimo vya kila sehemu

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Gharama isiyo na risiti ni vigumu kuithibitisha, na isiyothibitishwa huhesabiwa kuwa faida. Kabla ya kutia sahihi, mwonyeshe wakili au mhasibu karatasi hizi, na mweleze bila kuficha nani anaishi wapi.