Malale katika Nchi ya Lado

Kabla Juba haijawa mji, ardhi hii ya magharibi ya Mto Nile ilikuwa sehemu ya nchi ya Lado, iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji tangu mwaka 1894. Mfalme huyo alifariki Desemba 1909, na katikati ya mwaka 1910 nchi ikarejea kwa serikali ya Sudan. Pamoja na Rejaf na Yei, serikali ilirithi khatari ya maradhi ya malale.

Khofu yake ilikuwa na sababu. Upande wa Uganda, kandokando ya ziwa Victoria Nyanza, malale yalianza kuenea mnamo mwaka 1900, na katika miaka michache tu walikufa watu zaidi ya 200,000.

Maradhi haya huletwa na mbung'o akaaye katika vivuli vya miti ya vijitoni, pale pale watu watekapo maji. Mgonjwa huweza kwenda na kurudi miezi mingi, hata miaka, hali anavyo vijidudu damuni wala hana khabari. Kwa hiyo kungoja wagonjwa waje wenyewe hakukufaa kitu. Ilibidi wafuatwe vijijini mwao.

Watu walipangwa mistari, tabibu akawapapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba. Aliyekutwa nazo alichomwa sindano, na maji ya tezi yakatazamwa kwa darubini. (Baadhi ya matabibu wa serikali zama zile walikuwa Washami waliosoma Beirut.) Walioonekana na vijidudu walikusanywa kambini, Yei na kwengineko, na kuvuka mpaka wa Kongo kukahitaji ruhusa. Kumzuia msafiri kwa ajili ya maradhi si jambo geni kwa Waislamu: Sayyidna Umar bin Khattab aliporudi njiani, mahali paitwapo Sargh, alikwisha pata khabari ya tauni ya Sham.

Lakini kambi zilikuwa na uchungu wake. Dawa iliyokuwapo ni atoksili, iliyotengenezwa kwa aseniki. Haikuwafaa wale ambao maradhi yamekwisha panda ubongoni, na baadhi ya waliochomwa walipofuka. Mtu aliyesikia khabari hizo hawezi kulaumiwa akijificha msituni siku ya ukaguzi. Na kila aliyejificha, mbung'o waliendelea kuchukua vijidudu kwake na kuwapelekea wengine.

Njia iliyofuata katika nchi ya Wazande ilikuwa na busara zaidi. Miaka ya 1920, huko Source Yubu, karibu na mpaka, chini ya Dk. Maurice, tabibu wa jeshi la Kiingereza, yalikuwapo makazi ambamo mgonjwa aliishi na ahali zake na kulima shamba lake. Dawa mpya ya triparsamidi, iliyotokea Marekani mwaka 1919, iliweza kufika ubongoni, ijapokuwa nayo haikuyaacha macho salama. Wazande wengi walitolewa vijitoni wakajengeshwa kandokando ya barabara ili wakaguliwe kwa wepesi. Walio wengi hawakupenda, na haki yao, kwani mtu wa barabarani ni mwepesi pia kutozwa kodi. Hata hivyo malale yalipungua sana.

Yalipungua, hayakwisha. Vita vilivyoanza mwaka 1955, kisha vile vya 1983, vilivunja ukaguzi. Mwaka 1997, katika wilaya ya Tambura, karibu mtu mmoja katika kila watano waliopimwa alikutwa na malale, na ukaguzi wa kijiji kwa kijiji ukaanzwa upya.