Kutekenya na Kupendeza

Mwalimu afundishaye Kiingereza hukutana siku moja na neno "tickle", akaliandika ubaoni kuwa ni "kutekenya", akadhani kazi imekwisha. Siku ya pili akuta neno lilo hilo likisemwa juu ya mtu aliyesikia habari njema, wala hapana aliyemgusa mbavu. Twaona ni vema kulieleza jambo hili, kwa maana kosa dogo la neno laweza kugeuza fundisho kubwa.

Katika Kiingereza neno hili laonekana tangu karne ya 14, na tangu zamani hizo huchukua maana mbili: kuigusa ngozi hata mtu acheke, na kuufurahisha moyo. Lakini neno "please" si la ukoo huo. Lilitoka katika Kilatini, "placere", likapitia Kifaransa, na katika Kilatini lina undugu na neno la kutuliza. Basi Mwingereza hupendezwa kwa njia mbili, kwa kuchezewa na kwa kutulizwa.

Je, na Kiswahili? Padre Charles Sacleux, aliyekaa Zanzibar na Bagamoyo tangu 1879 hata 1898, alikusanya katika kamusi yake, iliyotoka Paris miaka ya 1939 hata 1941, maneno ya lahaja nyingi za pwani. Njia yake ndiyo njema, yaani kulisikiliza neno mahali linapotumika. Tukisikiliza hivyo, twaona kwamba kutekenya kumebaki ngozini. Bibi humtekenya mjukuu wake nyayo na makwapa. Mtoto hucheka, na huku akicheka ataka kukimbia. Kadhalika mtu afanyaye mzaha usiomchekesha mwingine huambiwa kwamba ajitekenya na kucheka mwenyewe. Kicheko kipo, furaha haipo.

Maneno ya kupendeza yalitoka pengine. "Pendeza" limezaliwa na "penda", neno la Kibantu. "Bembeleza" lina mwendo wa bembea ndani yake. Kutoka Kiarabu twalipata "ridhisha", yaani moyo kukubali. Na "starehe", ambalo asili yake ni kupumzika. Na "burudisha", ambalo asili yake ni ubaridi, na maana yake yafahamika sana kwa mtu aliyekwenda kwa miguu mchana wa jua kutoka Kaole hata Bagamoyo. Hata jina la Bagamoyo wazee hulieleza kwa maneno "bwaga moyo": mpagazi aliyefika pwani alitua mzigo, na moyo ukatua pamoja nao. Wengine husema kwamba ni kilio cha mtumwa aliyekata tamaa. Lakini katika maelezo yote mawili, moyo ni kitu kinachotuliwa chini, wala hautekenywi.

Ushahidi mwingine ni mdudu. Funza aingiaye katika vidole vya miguu huitwa pia tekenya, wala si mwenyeji wa zamani katika nchi yetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell, itokayo Rio de Janeiro, ilimleta Ambriz katika Angola. Kisha akaivuka Kongo katika miguu mitupu ya wasafiri. Mwaka 1892 Oscar Baumann aliyaona madhara yake karibu na Ziwa Victoria, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amefika pwani, mwisho wa njia za misafara. Watu hawakuwa na jina lake. Wakamwazima jina la funza wa nyama iliyooza; na jina la pili, kwa kadiri tuonavyo, wakalitoa katika kitenzi chetu. Kwa kuwa huanza kwa kutekenya kidogo, na mtu asiyejua hujikuna akaona raha. Mwisho wake ni kidonda, na wengine walipotewa na vidole.

Basi tuusome Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, mstari wa 3. Neno la Kiyunani pale ni la kuwashwa na kutekenywa masikioni, juu ya watu wajikusanyiao waalimu wanaowapendeza. Wafasiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka 1952, waliuacha mfano huu wa ngozi, wakachagua neno la kuchungua mambo. Hatuwalaumu, lakini msikilizaji hukosa onyo lililo wazi, ambalo lugha yake ilikuwa nalo tayari.

Yapasa mwalimu alitumie. Akiulizwa tofauti ya kutekenya na kupendeza, asiwatafutie wanafunzi mfano wa mbali. Na awaulize wazee wao habari za tekenya: jinsi alivyoanza kwa raha, na jinsi sindano ilivyohitajika kumtoa.